Mwalimu Toroli na Vipepeo wa Wodi ya Watoto

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, saa tisa alasiri, mwalimu wa wodi yetu ya watoto anastaafu rasmi baada ya kufundisha hapa kwa miaka thelathini na miwili. Tunasema "rasmi" kwa sababu wagonjwa hawajakubali. Jumatatu iliyopita walipiga kura juu ya jambo hilo, na kila mkono ulioweza kuinuka uliinuka kumkatalia. Mmoja aliyefungwa bandeji mikono yote miwili aliinua mguu. Matokeo yalipelekwa ofisi ya utumishi, nayo ikajibu kwa heshima zote kwamba kanuni za kustaafu hazina kifungu cha kura.

Wodini anaitwa Mwalimu Toroli. Toroli lenyewe lilikuwa la dawa kabla halijawa la shule. Yalipoletwa mapya, hili likaachwa kwenye ujia likingoja kutupwa, gurudumu moja limekaa upande, na Mwalimu akalichukua kabla mtu hajasema lolote. Rafu ya juu akaweka vitabu vya hesabu, ya kati hadithi, ya chini rangi, gundi na mikasi isiyo na ncha. Likisukumwa linalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Fundi wa hospitali aliwahi kuja na kopo la mafuta, Mwalimu akamzuia palepale, maana kelele ile ndiyo kengele ya shule. Wavivu nao iliwafaa, kwani iliwapa muda wa kufumba macho na kuanza kukoroma.

Alikuja kushika nafasi ya mwenzake kwa muhula mmoja tu. Kabla ya hapo alikuwa shule ya kawaida, yenye ubao, madawati na foleni za asubuhi. Anasimulia kwamba siku ya kwanza aliingia wodini na chaki mfukoni, akaangaza huku na huku akitafuta mbele ya darasa, akaona halina mbele. Huyu amelala chali, yule ameelekea ukutani, mwingine mguu umening'inizwa kwa kamba na kipande cha chuma. Akairudisha chaki na kuanza upya.

Kwa kuwa wengi wetu tulishinda tukitazama dari, alibandika ramani ya dunia darini. Mpaka leo, wapo watu wazima mjini ambao ukiwauliza bahari fulani iko upande gani, kwanza wanainua shingo. Ujazo alifundisha kwa bomba za sindano zisizo na sindano, tukivuta maji ya rangi kutoka kopo hadi kopo, na ndiyo njia pekee iliyowahi kuwafanya watoto wa wodi hii wagombanie bomba la sindano. Kijana mmoja alifanya mtihani wake wa mwisho wa shule ya msingi miguu ikiwa juu, karatasi imebanwa kwenye ubao uliofungwa juu ya kichwa chake. Kalamu ya wino ikagoma, maana kalamu ya wino haipendi kuandika ikitazama juu. Mwalimu alikwenda hadi kwa msimamizi wa mitihani kumwombea ruhusa ya penseli. Kijana alifaulu, akatoka, na baada ya hapo hatukusikia tena habari zake.

Hapo ndipo kazi hii inapotofautiana na ualimu mwingine. Mwalimu wa kawaida humwona mtoto akipanda darasa baada ya darasa, na mwisho wa mwaka wanapigwa picha pamoja, wafupi mbele, warefu nyuma. Mwalimu Toroli hana hata picha moja ya namna hiyo. Anampokea mtoto katikati ya sura na kuagana naye katikati ya sura nyingine. Wiki tatu, miezi miwili, halafu kitanda kinatandikwa shuka safi na jina jipya linaandikwa ukutani. Wengi huenda nyumbani. Wapo ambao hawakwenda nyumbani, na siku hizo Mwalimu aliegesha toroli karibu na dirisha, akavua miwani, na somo likawa kuchora tu. Hakuna aliyeulizwa anachora nini.

Mimi ni mmoja wa waliopokelewa katikati ya sura. Siku hizi nakuja Jumamosi kuwasomea wadogo, na Sista Mkuu wa wodi ndiye aliyeniagiza niandike haya. Alisema, "Wewe mdomoni huna kitu, kwa hiyo lazima vyote vimekaa mahali. Vitoe." Basi ninavitoa, na naomba mnisamehe nikianza kwa "sisi" nikateleza kwenye "mimi".

Nililetwa nikiwa na miaka kumi na minne kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Nilifungwa plasta kutoka kiunoni hadi vidoleni, nikawekwa kitanda kilicho karibu na meza ya wauguzi, ambako taa haizimwi kamwe. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeingia sekondari, ambako masomo yote yanafundishwa kwa lugha nyingine. Kiswahili nilikuwa nakisema kwa sauti ya chini kwa aibu. Ile lugha nyingine nilikuwa sitoi neno, kwa aibu hiyohiyo. Darasani nilikuwa nimefika mahali pa kuomba ruhusa ya kwenda chooni kila nilipoona zamu ya kusoma kwa sauti inasogea safu yetu. Wodini zamu hiyo haikuwepo. Nilikuwa na maumivu, ndiyo, lakini siri yangu ni kwamba nilikuwa na raha pia.

Vipepeo waliletwa na Mzee wa Dobi. Nyuma ya chumba chake cha kufulia, pembeni ya bomba la mvuke, palikuwa na magugu marefu ambayo ukiyavunja yanatoa utomvu mweupe kama maziwa. Alikuwa anakwenda kuyafyeka, akakuta jani limetobolewatobolewa na juu yake kiwavi mwenye mistari myeusi, ya njano na myeupe, amejipamba kama anakwenda harusini. Alikuja nalo kwenye karatasi kumwuliza Mwalimu kama kitu hicho kinaweza kuharibu mashuka. Mwalimu alimtazama kiwavi, akamtazama mzee, akasema, "Panga hilo weka chini kwanza."

Alikuwa ni kiwavi wa kipepeo aitwaye monaki, yule mkubwa mwenye mabawa ya rangi ya machungwa yaliyochorwa mishipa myeusi. Sista Mkuu alipoambiwa atakaa wodini, alishika kiuno. "Mwalimu, nimevumilia gundi. Nimevumilia ramani. Funza, hapana!" Mazungumzo yalichukua siku nzima. Mwisho wakakubaliana: udongo usiingie, majani yaoshwe, vikonyo viwekwe kwenye chupa tupu za dawa zenye maji, na anayegusa majani anawe kwa sabuni, kwa kuwa utomvu ule una sumu na ukiingia machoni ni balaa. Chandarua cha zamani kilitundikwa kwenye stendi ya dripu iliyovunjika, kikawa nyumba. Haikupita wiki, Sista Mkuu akawa ndiye mtu wa kwanza kuchungulia kila asubuhi, huku akidai anakagua usafi.

Hayo yalianza miaka mingi kabla sijaja. Mimi nilipofika, vipepeo walikuwa tayari mila ya wodi, na aliyewasimamia mwaka wangu alikuwa mtoto wa miaka sita tuliyemwita Kamanda. Aliungua maji ya moto miguuni. Kwa kuwa alikuwa hawezi kutembea, alitawala kwa sauti. Kila mgeni aliyeingia aliamriwa kunawa, akiwemo daktari bingwa.

Kamanda ndiye aliyenifundisha kuangalia. Mayai, alisema, yako chini ya jani, madogo kama kichwa cha pini, na mtoto akitoka chakula chake cha kwanza ni ganda la yai lake mwenyewe. "Halafu anakula, anakula, anakula mpaka nguo haimtoshi." Kiwavi hubambuka ngozi mara kadhaa anapokua, na kila tulipomkuta ametulia bila kula, Kamanda alitutaka tunyamaze. "Anabadilishwa bandeji," alinong'ona. "Ila yeye halii." Yeye mwenyewe alilia kila bandeji ilipobadilishwa, na tangu siku kiwavi alipobambuka mara ya kwanza alianza kulia kwa sauti ndogo zaidi.

Kisha kiwavi hupanda juu ya chandarua, hujining'iniza kichwa chini kama ndoano, ngozi ya mwisho inapasuka, na ndani yake panatokea pupa: kifuko cha kijani laini kama jani changa, chenye vitone vya dhahabu, utadhani mtu kavidondosha kwa ncha ya sindano. Anakaa humo kama wiki mbili. Siku ya mwisho kifuko kinakuwa kama kioo na unaona mabawa yamekunjwa ndani.

Safari yao Mwalimu aliifundisha darini. Fundi alipanda ngazi, akabandika uzi mwekundu juu ya ramani, kutoka nchi za baridi kama yetu kwenda chini, kusini, maelfu ya kilomita, mpaka kwenye misitu ya milimani. Alitueleza kwamba monaki wa kiangazi huishi wiki chache tu: anaruka, anataga, anazeeka. Lakini wale wanaozaliwa mwisho wa msimu, baridi inapokaribia, huweza kuishi miezi minane, hata tisa. Hao hawatagi kwanza. Wanafunga safari kwenda msitu ambao hawajawahi kuuona, wanajibanza kwenye miti kwa mamilioni mpaka matawi yanainama, na joto likirudi wanaanza kurejea. Njiani wanataga na kufa. Wanaomalizia njia ni watoto na wajukuu.

Kamanda alisikiliza kwa mashaka. "Kwa hiyo anayerudi siyo yeye?"

"Siyo yeye."

"Na huyo mjukuu kaonyeshwa njia na nani?"

"Hakuna aliyemwonyesha."

"Mwalimu, wewe muongo." Alisema hivyo, akalala akiutazama ule uzi hadi dripu yake ilipoisha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwalo nadhani mtu huyu anastahili zaidi ya cheti na saa ya ukutani. Mwaka huo, mwisho wa kiangazi, Mwalimu alirudi kutoka likizo akiwa na uso wa mtu aliyepoteza funguo. Alitukusanya, yaani alisukuma toroli hadi katikati ili kila kitanda kisikie, akasema amekuwa akikosea. Miaka yote ile stendi ya chandarua ilikaa karibu na meza ya wauguzi, chini ya taa isiyozimwa, ili mtoto asiyepata usingizi awe na kitu cha kutazama. Ilikuwa huruma, na kila aliyekuwepo aliipenda. Lakini alikuwa amesoma kwamba hawa wa mwisho wa msimu, tangu wakiwa viwavi na pupa, wanahitaji kuhisi siku zinafupika na usiku unapoa. Ndivyo miili yao inavyojiandaa kwa safari. Wakikulia kwenye joto na mwanga usiobadilika, wanaweza kutoka wazuri kabisa, wenye mabawa kamili, na bado wasiwe wasafiri. Watazunguka hapa hapa, na baridi itawakuta.

Akapendekeza stendi ihamishiwe kwenye roshani, nje ya mlango wa kioo, kwenye giza na baridi. Shida ni kwamba roshani huioni kutoka vitanda vingi. Wangetoka kwenye vifuko vyao bila sisi kuwaona.

"Yaani tuwalishe sisi, halafu watoke tukiwa hatupo?" Kamanda aliuliza. "Basi hao siyo wetu!"

"Hilo ni kweli," Mwalimu akasema. "Tupige kura."

Tukapiga. Walio wengi walisema wabaki ndani. Mimi sikuinua mkono upande wowote, na Mwalimu aliliona hilo, maana haoni mbali lakini anaona mikono. Alisema tu, "Kura ni kura. Watabaki." Kisha akaongeza, bila kunitazama, kwamba kwenye shule yake aliyenyamaza hajapoteza kura, bado anayo, na siku akiihitaji ataitumia.

Jioni ile, kitanda changu kikiwa karibu na meza, nilimsikia Sista Mkuu akimwambia, "Mwalimu nawe! Si uwahamishe tu wakishalala? Asubuhi waambie chandarua kimeharibika."

Mwalimu alijibu taratibu. "Sista, hawa watoto humu ndani hakuna anayewauliza kitu. Wanachomwa, wanakatwa, wanalishwa uji, wanaambiwa lala, wanalala. Mimi nimewauliza. Nikiwauliza halafu nikafanya langu, nimewachoma sindano nyingine."

"Na hao wadudu wakifa?"

"Watakuwa wamekufa mikononi mwangu. Najua."

Sikuwahi kumsikia mtu mzima akisema neno kama hilo bila kutafuta pa kujificha. Alikuwa anawapenda vipepeo wale, na alikuwa tayari kuwapoteza kuliko kutudanganya. Sijui kama yeye anajua kwamba nilikuwa macho. Sasa anajua.

Siku zilizofuata hakutuhubiria. Aliendelea na kazi. Alibandika utepe sakafuni pale kivuli cha dirisha kilipofika kila saa sita, na tukaona kivuli kinarefuka siku hadi siku. Aliwauliza watoto wa upande wa ujia kama nje kumekucha au bado, wakakisia, wakakosea, tukacheka. Mmoja alikuwa na hakika ni usiku, kumbe chakula cha mchana kilikuwa mlangoni. Kicheko kikaisha. Sisi wenyewe tulikuwa hatujui saa. Taa ile ilikuwa imetufanya hivyo hata sisi.

Wiki hiyohiyo daktari alikuwa ameniambia naweza kuruhusiwa mwisho wa mwezi. Mama yangu alipiga vigelegele hadi akanyamazishwa. Mimi nilitabasamu kwa sababu lilikuwa jambo la kutabasamu. Ndani yangu nilikuwa nahesabu safu za madawati na kuona zamu ya kusoma ikisogea. Nilitamani plasta ile idumu. Na nikiwa nawatazama viwavi wale wanene chini ya taa yangu, nilielewa kwa nini sikuinua mkono. Kusema waende ilikuwa ni kusema niende.

Kesho yake, Mwalimu alipofika na kelele zake, niliomba kura yangu. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyemeza mfupa. Mtoto wa kitanda cha pembeni akauliza kwa mshangao, "Kumbe huyu anaongea?" Nilisema nataka watoke nje, na nikasema sababu, nusu kwa lugha hii na nusu kwa ile, maana nilipobabaika nilishika neno lolote lililokuwa karibu. Nilisema hapa pazuri sana, na ndiyo maana wakikaa hapa hawataondoka.

Kamanda alinikazia macho. "Wewe una mguu mbaya kuliko sisi. Huko roshani utafikaje?"

"Vitanda vina magurudumu," nikasema.

Sijui nilitoa wapi. Lakini ni kweli, vitanda vya hospitali vina magurudumu. Badala ya kuwaleta vipepeo kwetu, sisi tungepelekwa kwao, wawili wawili, asubuhi kwa zamu, tukiwa tumefunikwa mablanketi. Sista Mkuu alisema haiwezekani, alisema mafua, alisema yeye ana watu wa kuwajibu, kisha akaanza kupanga zamu kwa vidole. Kura ikarudiwa. Kamanda aliinua mkono wa mwisho, kwa kuvuta, kama mtu anayetoa jino. "Lakini zamu ya kwanza yangu," akasema.

Stendi ilitolewa siku hiyo. Viwavi waligeuka pupa huko nje kwenye baridi, wakaning'inia juu ya kelele za mashine za dobi. Mmoja aligeuka mweusi na hakutoka. Mwalimu hakumficha. Alituonyesha, akasema huyu hakuweza, tukakaa naye kidogo. Wengine walianza kutoka mfululizo, kila asubuhi mmoja au wawili, mabawa yakiwa yamekunjamana kama shuka lililotoka kufuliwa. Walining'inia kimya huku mabawa yakijaa na kunyooka na kukauka. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba hawakuweza kuruka mpaka jua liwapate. Walingoja jua, na sisi tukangoja nao, pua zetu zikichuruzika, Sista Mkuu akipita na vitambaa na kusema, "Si niliwaambia?"

Siku ya kuwaachilia wote, Mwalimu alifungua chandarua jua lilipofika ukutani. Mkononi alikuwa na dira ndogo. Wa kwanza alikaa kwenye chuma cha kitanda changu, akafungua mabawa mara mbili, tatu, kama mtu anayejaribu koti. Kisha akapanda juu na kushika upande ule jua linapokaa mchana, upande wa uzi mwekundu. Mwalimu alitazama dira, akamtazama kipepeo, akaitazama dira tena. Wa pili, huko huko. Wa tatu, huko huko. Wa nne akakata kona kuelekea kwenye jengo la dawa, na wodi nzima ikapiga kelele kwa pamoja, "Huko siyoo!" Mzee wa Dobi alitoka mbio na ndoo mkononi akidhani moto umewaka. Yule kipepeo alizunguka paa, akapotelea nyuma ya moshi wa dobi, na tukabaki tunabishana alikata kushoto au kulia.

Walipoisha, chandarua kikawa kinapepea kitupu. Kamanda alikuwa wa kwanza kusema.

"Sasa nani atatuambia kama wamefika?"

"Hakuna," Mwalimu akajibu.

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Kamanda alimtazama kwa huruma, kama mkubwa anayemtazama mdogo aliyetapeliwa dukani. "Sasa kazi yako ina faida gani?"

Mwalimu alicheka hadi akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya kitambaa chake, akacheka tena, na machozi yalikuwepo. "Kamanda," alisema, "swali hilo hata mume wangu hajawahi kuniuliza." Akaivaa miwani, akashika toroli, akasema tunarudi ndani, kuna hesabu za kugawanya sehemu zinatungoja.

Nimelifikiria swali lile kwa miaka mitatu sasa, kwa kuwa hakujibu.

Kamanda aliruhusiwa kabla ya baridi kuisha. Alitoka kwa miguu yake, viatu vipya amevivaa kulia kushoto, akakataa kurekebishwa. Familia yake ilihamia mbali na hatuna habari zake. Mimi niliruhusiwa mwisho wa mwezi uleule wa vipepeo. Mwalimu alinisindikiza hadi kwenye lifti, akanipa mkono kama mtu mzima mwenzake, lifti ikafungwa. Nilikuwa natoka katikati ya sura, kama wote.

Mwalimu, hapa naacha kuandika juu yako na nazungumza na wewe, kwa kuwa hili nimekuwa nikija kila Jumamosi nikitaka kukuambia na kila Jumamosi nimeishia kusema habari za asubuhi.

Siku ya kwanza niliporudi shule, magongo yangu yalianguka mlangoni kwa kishindo na darasa zima likageuka. Nilikaa nyuma. Zamu ya kusoma ilikuja, safu kwa safu, nikaiona inakuja, na sikuomba kwenda chooni. Ilikuwa ile lugha nyingine. Sauti ilikatika mara mbili. Mtu mmoja akasema, "Ongeza sauti, hatusikii," nikaongeza. Niliposoma mstari wa mwisho mwalimu alisema asante, akaita jina la mwingine, na hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kimetokea.

Tunakushukuru, Mwalimu, sisi wa vitandani, pamoja na wauguzi waliovumilia gundi, mafundi waliopanda ngazi na dobi aliyeweka panga chini. Asubuhi zako ziwe ndefu, chai yako ipoe kwa kupenda kwako, na mtu asikuamshe. Upumzike ukiwa na afya, na wanao na wajukuu wakuchoshe kwa kiasi.

Kuhusu vipepeo wale, hakuna wa kutuambia kitu, na kijana wa penseli hajaandika. Habari niliyonayo ni moja tu, na nimeileta leo iandikwe mahali ambapo hakuna wa kuniambia niongeze sauti: mimi nilifika.